Ganda Lisiloyeyuka

Jumanne, 4 Machi
Kitandani siinuki tena, ila akili nzima. Niseme kabla pumzi haijakata. Miaka ishirini na sita nilipima vitamini A kwenye biskuti za shule. Kila cheti: asilimia mia. Ilikuwemo kweli — haikutoka tu.

Jumatano, 5 Machi
Nieleze vizuri, nisijifiche tena. Kiwanda kilifunika kila punje ya vitamini kwa ganda gumu, isiungue tanurini. Maabarani tukasaga biskuti, tukachemsha kwa dawa kali. Ganda likayeyuka, kipimo kikapendeza. Tumbo la mtoto halina kinu! Siku moja nilijaribu peke yangu, asidi hafifu kama ya tumbo, joto la mwili. Ikatoka asilimia tisa. Nikamwaga, nikaosha chupa, nikatia sahihi cheti. Mwalimu mmoja aliandika kwamba jua likizama wanafunzi wake hawaoni, wanapapasa kuta. Sikumjibu. Mshenzi mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Mwanangu ndiye mkuu wa maabara sasa, na anapima vilevile. Nilimpa barua aipeleke wizarani. Akaisoma wima, hata kiti hakuvuta. Eti najisafisha kwa kumpaka yeye matope. Eti nikishazikwa, atakayefukuzwa ni yeye. Mkewe akadakia toka jikoni kwamba wazee wakikosa kazi hutubu.
"Mama, biskuti hizo ndizo zilizonikuza."
"Hukuzionja hata moja. Nilikupa maziwa na maini."
Akaichana barua vipande vinne. Taratibu, kama anayefungua paketi.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeandika nyingine. Ameiona. Leo amekuja na daktari na fomu ya kuthibitisha kwamba sina akili timamu.
Daktari ni kijana mwenye adabu, ameniamkia vizuri. Akauliza leo siku gani, wajukuu wangapi. Nikajibu. Akauliza nilifanya kazi gani, nikamweleza yote: ganda, dawa kali, ile tisa. Mwanangu akakatiza, akasema hilo halimo kwenye fomu. Daktari akaweka kalamu chini, akataka kujua ni biskuti zipi. Za paketi ya njano, nikasema. Akasema wanawe wawili wanapewa kila asubuhi shuleni.
Wametoka, wamesimama ukumbini. Fomu iko hapa kitandani, haina sahihi. Mlango haukufungwa vizuri.
Namsikia daktari: "Na wako, ndugu yangu — wanazila?"
Mwanangu anakohoa. Anauliza fomu itatiwa sahihi lini.