Lami Juu ya Mkonge

Jumatatu, 7 Oktoba
Tumezibua mfereji, kuanzia msikitini hadi kwetu. Kikundi chetu cha akina mama ndicho kinachotunza barabara za mtaa. Mchanga mwingi, chupa nyingi. Lami bado mpya, lakini mbele ya nyumba yetu imebonyea. Duara, kama sahani. Mwezi uliopita halikuwepo. Hapo ndipo mama mkwe anapokaangia bagia.

Jumatano, 9 Oktoba
Nimepima kwa kamba. Imeshuka kidole kizima. Nimekumbuka kitu, chakula hakikushuka.
Barabara hii ilikuwa kichochoro cha nyuma. Vyoo vyote vya shimo vilikuwa huku. Ilipopanuliwa, kila nyumba ilijaza choo chake na kujenga kingine. Cha kwetu alikijaza mama mkwe: mabaki ya mkonge kutoka shambani, udongo kidogo juu. Mkonge huoza.

Ijumaa, 11 Oktoba
Nimemwambia ahame pale. Mbele ya wateja, kosa langu.
"Miaka yote nimekula vumbi. Leo nimepata lami, unanifukuza?"
"Mama, choo kiko chini yako."
"Choo changu nakijua. Kimeshiba kile."
Wateja wakacheka. Mimi sikucheka.

Jumanne, 15 Oktoba
Mwenyekiti wa mtaa amenisikiliza. Wamekuja vijana wa viraka. Nikasema chimbeni kwanza. Mkubwa wao akajibu, "Dada, tumetumwa kuziba, hatukutumwa kuchimba." Wakamwaga lami, wakashindilia, wakaondoka. Pamekuwa sawa kabisa. Mama mkwe aliweka kigoda chake kabla haijapoa. Nina hasira.

Jumapili, 20 Oktoba
Mvua ya kwanza. Nilisimama na mwavuli nikaangalia. Maji yanaingia pembeni mwa kiraka, taratibu, yanazunguka. Nikaenda kutazama mferejini. Hayatokei.

Alhamisi, 24 Oktoba
Kiraka kimezama. Nimegonga kwa mpini wa jembe. Katikati ya barabara sauti nzito. Pale kwake, debe tupu.
Mume wangu yuko Handeni kwenye ujenzi. Nimempigia. Anasema mama yake hajawahi kumsikia mtu. Nimeficha kigoda. Amekalia ndoo. Leo namchukia, na nikifumba macho namwona anazama.

Jumatano, 30 Oktoba
Kimefunguka.
Jioni, wateja walikuwa hawajafika. Mama mkwe aliingia ndani kufuata chumvi. Nilikuwa uani, nikasikia kama gunia limeanguka. Jiko, karai la mafuta, ndoo, vyote vimekwenda. Chini mafuta yalitoa mlio wa kukaanga, kisha kimya. Harufu ya zamani. Niliteremsha kamba yangu yote ya kupimia, haikugusa kitu.
Yeye alisimama mlangoni na chumvi mkononi. Nilimshika bega.

Ijumaa, 1 Novemba
Vijana wa viraka wamejaza mawe, lori zima. Mtaa wote ulikuja kutazama. Watu walimtania, "Bibi, bagia za leo umewakaangia wa chini?" Yeye akanyoosha kidole, mlango hadi mlango.
"Na kwa Mama Rehema. Na kwa fundi cherehani. Na pale kwenye kona. Mkokoteni ulikuwa mmoja, mkonge ule ule. Tulichanga."
Utani ukaisha. Mama Rehema alimvuta mtoto wake kutoka ukingoni. Mkubwa wa vijana akasema atapeleka taarifa. Wamepakia majembe, wameondoka.

Jumapili, 3 Novemba
Manyunyu tangu alfajiri. Watu wanatembea katikati ya barabara. Pikipiki zinapiga honi, hakuna anayepisha. Mbele ya mlango wa Mama Rehema maji yametuama. Duara.
Nimemnunulia mama mkwe jiko jingine. Anakaangia ndani. Moshi umejaa mpaka chumbani.
Hajalalamika.