Tanuri la Baba Limezimwa

Nyumba ya Tanuri,
Nyuma ya Soko la Zamani.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana ukiisoma umesimama utatafuta kiti. Hujambo lakini? Shemeji mzima? Wanao wanaendeleaje na masomo, na yule wa mwisho kikohozi kimemwachia? Sisi huku tunapumua. Mume wangu hajambo. Binti yetu anazidi kurefuka, na kila kukicha anauliza mama mkubwa atakuja lini. Mimi ndiye nisiyeweza kusema sijambo kwa moyo mmoja. Ningekupigia simu, lakini mambo haya nikiyasema kwa mdomo sauti inakatika.

Unalikumbuka tumbo langu. Kuvimba, kuharisha, kuchoka mpaka nakanda huku nimeegemea meza. Nilitibiwa minyoo, nikatibiwa vidonda vya tumbo, nikaambiwa nina mawazo. Mwanzoni mwa mwaka nywele zikaanza kutoka kwa mafungu, kisha nikaanguka dukani mbele ya wateja, treya ya mikate mkononi. Hospitali kubwa nilimpata daktari mmoja mwanamke ambaye hakuniuliza habari za mawazo. Aliniuliza ninakula nini. Nikacheka, nikamwambia mimi ni mwoka mikate, ninakula mkate. Yeye hakucheka. Alinitoa damu, na baadaye wakanipitisha mpira kooni, wakakata kinyama cha utumbo wakakipime.

Majibu yalikuja na jina ambalo sikuwahi kulisikia: siliaki. Alinieleza polepole kwamba ndani ya ngano na shayiri kuna kitu kinaitwa gluteni, ndicho kinachofanya unga uliokandwa uvutike. Kile kile, Dada, ambacho Baba alitufundisha kukitafuta kwa vidole. Mwili wangu ukikiona unaanzisha vita, na vita vyenyewe vinapiganwa ndani ya utumbo wangu, ndiyo maana chakula kilikuwa kinapita bila kuniachia kitu. Dawa yake ni kutokiingiza kinywani tena, hata chembe, mpaka naingia kaburini. Nilimuuliza nitaishije. Akadhani nauliza habari za chakula.

Nami kwa ujinga wangu nilidhani nikiacha mkate yamekwisha. Nilikula wali, viazi, mayai na uji wa mahindi, na tumbo likaendelea vile vile. Nikaanza kuamini daktari amekosea. Kumbe mchuzi nilikuwa naufanya mzito kwa kijiko cha unga wa ngano, kama alivyokuwa akifanya Mama. Viungo vya pakiti vina ngano. Mwiko wa mbao una ngano ndani ya nyufa zake. Na uji ndio ulionimaliza kabisa. Siku moja nilikwenda kwenye mashine ya kusaga, nikasimama kutazama: ngano ya mteja mmoja ilipokwisha, mwenye mashine alimimina mahindi ya mwingine juu ya vumbi lile lile. Nilimwomba awe ananisagia mimi kwanza asubuhi, akishafagia mashine. Akaniuliza ni mganga gani aliyenipa masharti hayo.

Sasa nina sufuria yangu, mwiko wangu wa chuma, chujio langu, na rafu ya juu ambayo mtu mwingine haigusi. Binti yetu ameiandika kwa kalamu nyekundu: YA MAMA. Alifanya kwa mapenzi, lakini nikiitazama najiona kama mpangaji katika nyumba niliyozaliwa. Na lile jina langu la utani, Kidonge, limenifaa mwishowe, maana asubuhi nameza vidonge vya damu, jioni vya mifupa.

Harusi ya upande wa mume wangu nilikwenda na chakula changu kwenye bakuli lenye kifuniko. Wifi yangu mkubwa alinifuata mezani, akainama, akaniambia kwa sauti ya chini, na hiyo sauti ya chini ndiyo iliyoniuma: "Wifi, kama unaona chakula chetu kina sumu, ungetuambia tusikualike." Watu walikuwa wanatutazama. Nilifunika bakuli langu, nikala cha kwao. Wiki nzima sikuinuka kitandani, na mume wangu akawa anakaa ukingoni kama mtu anayesubiri simu ya msiba.

Hayo yote yangevumilika kama si vumbi. Nyumba unaijua: duka mbele, tanuri katikati, sisi nyuma, na unga hauna mlango. Umo kwenye mapazia, kwenye mito, kwenye kope. Niliacha kukanda, nikajifunga kitambaa puani, nikawa nauza tu. Damu haikupanda. Daktari akaniambia wazi kwamba nikiendelea kumeza vumbi lile, yeye hana la kunisaidia. Nilirudi nikamwambia mume wangu labda niondoke mimi, nikapange chumba mahali, yeye na mtoto wabaki na tanuri. Alikuwa anatoa mikate. Akaliweka chini koleo lake la mbao.

"Tunafunga," akasema.

"Tukifunga tutakula nini?"

"Tutakula unachokula wewe."

Alimaliza mikate ya siku ile, akaiuza yote, akauacha moto ufe.

Basi ndilo jambo ambalo nimeshindwa kukuandikia siku zote hizi. Tanuri la Baba limezimwa. Tumesugua kuta mpaka rangi ikabanduka. Mume wangu ameajiriwa kwenye kiwanda cha mikate mtaa wa pili. Yeye aliyekuwa bwana wa kazi yake, sasa anaambiwa na vijana abebe magunia. Akirudi anavua nguo uani, anaoga bombani, anasugua ndevu kwa sabuni, ndipo anaingia kunisalimu. Ukikasirika kwamba hukuulizwa, sitakulaumu.

Mimi nashinda nimekaa. Mikono hii haijui kazi nyingine. Nimejaribu mkate wa unga wa mchele na muhogo. Wa kwanza ulitoka tofali. Wa pili ulimomonyoka kisu kilipougusa. Unga wenyewe hauvutiki, Dada; unaukanda hauitikii, kama unasema na mtu aliyekununia. Wa tatu niliutia mayai mengi, binti yetu akala kipande, akasema mtamu, nikajua ananihurumia. Nilikaa sakafuni jikoni nikalia mpaka akaniletea maji. Mtoto wa miaka kumi na mmoja anambembeleza mama yake kwa ajili ya mkate.

Lakini sijakufikisha kwenye linaloninyima usingizi. Daktari aliniuliza kama kuna mtu wa damu yangu aliyewahi kuugua hivi. Nikaanza kumsimulia Mama: jinsi alivyokonda, likabaki tumbo, wengine wakasema karogwa, wengine wakasema ni huzuni. Nikafika pale alipokuwa hawezi kumeza kitu, na Baba akawa anamlowekea mkate laini kwenye maziwa, akimlisha kwa kijiko asubuhi na jioni kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo. Nikanyamaza katikati ya maneno. Daktari akasema hawezi kumpima mtu aliyekwisha kuzikwa, nisijitese kwa kubahatisha. Lakini wewe ulikuwepo, Dada. Uliona Mama alivyokuwa akijilazimisha kufungua kinywa ili asimvunje Baba moyo.

Sasa naja kwako. Mara ya mwisho tulipoongea ulisema damu yako imeshuka tena, na tumbo linajaa hata kwa chakula kidogo. Ukacheka, ukasema ni uzee. Uzee gani, na wewe hujafika hamsini? Ugonjwa huu hutembea katika ukoo, na daktari ameagiza ndugu wa tumbo moja wapimwe hata wasipojisikia vibaya. Binti yetu tumempima, kwa sasa hana. Umebaki wewe. Nenda, umtajie daktari wako neno hilo moja, siliaki, na usikubali kurudishwa nyumbani na dawa ya minyoo.

Na unisikilize vizuri, maana nakujua, ukifika hapa utakuwa umeshausukuma mkate mbali. Usiuache kwanza. Ukiuacha kabla ya kupimwa, damu itauficha ugonjwa, utaambiwa u mzima. Daktari alinirudia hilo mpaka nikamwitikia. Mpaka siku watakapokutoa damu, kula kama ulivyozoea. Najua ninachokuomba. Niliapa hakuna mtu wa kwetu nitakayempa tena mkate kwa mkono wangu, na leo nakusihi kwa mkono huu huu uule. Ila fanya haraka, Dada, usiule muda mrefu.

Nisalimie shemeji na wanao wote. Mjomba aliye huko kwenu mwambie tunamwombea apone ugonjwa wake wa moyo. Mume wangu na binti yetu wanakukumbatia. Mungu akushike mkono mpaka kwenye mlango wa hospitali, na akurudishe nyumbani salama.

Wako akupendaye, asiye na dada mwingine,

Kidonge