Ghuba Niliyoiandika

Ndosho, Goma, tarehe 14 Machi

Kwako dada yangu, yaya Bénita,

Nakusalimu katika Bwana, wewe, mama na watoto. Je, mguu wa mama umepoa? Hapa tunapumua, ingawa mimi chakula hakipiti na usingizi umenikimbia. Usinionee huruma bado.

Uliniuliza kama nimemaliza masomo ya ziwani. Nimeyaacha. Dira, ramani, kukadiria mwendo wa mashua ya tanga, kuandika mpango wa safari kabla ya kufungua kamba, vyote nilivishika upesi kuliko wanaume, hata kuliko mume wako, shemeji Damascène, niliyesoma naye. Alikuwa akinitania kwamba nitamfundisha na kuogelea. Sifa zilinipanda kichwani, yaya, na kichwa changu hakikuwa na mlango.

Mwalimu wetu, muzee Havugimana, alikuwa na desturi yake: mwanafunzi mmoja anaandika mpango, mwenzake anausafiria. Alisema ndivyo mutu anavyojifunza kuandika kwa woga. Kila mpango lazima utaje ghuba ya kukimbilia upepo ukichafuka, na ghuba hiyo uiendee kwanza kwa miguu, uwaulize wenyeji. Maana ufuko wetu una mazuku, ile hewa nzito isiyo na harufu inayolala mabondeni na kuua mbuzi na watu.

Yaliyotokea Agosti unayajua. Upepo ulimkamata Damascène akiwa peke yake, akaingia ghubani, akajilaza bondeni angoje kutulie. Asubuhi wavuvi wakamkuta amekufa kwa mazuku. Kwenye kilio watu wakasema amerudia kasiksi, pombe ile ya ndizi, kwamba mutu asiyelewa hawezi kulala mule. Nawe ukaamini. Ukaishusha picha yake ukutani, na nasikia watoto umewakataza kumtaja. Miezi saba nimenyamaza, nawe unanitumia maharage kwa wema wako. Nayagawia majirani.

Damascène hakulewa. Mpango aliousafiria siku ile niliuandika mimi. Siku ya kwenda kuuliza wenyeji mvua ilinyesha, nikaona uvivu. Kwenye ramani ghuba ilikuwa nzuri, imekingwa pande zote. Nikaandika kwamba nimefika, nimeuliza, ni salama. Muzee aliniamini, na shemeji aliniamini. Nilipopata habari nilikimbia, nikafika kabla yenu, nikaitoa karatasi mfukoni mwake. Kisha nikalia pamoja nanyi. Walipomwita mulevi, niliinamisha kichwa kama mfiwa.

Karatasi yenyewe imo katika bahasha hii, na mwandiko wangu unaujua. Isome mbele ya ukoo mzima, mfanye nami mtakavyo. Msamaha siombi, maana ni wizi mwingine.

Nisalimie mama, na umkande mguu kwa maji ya moto. Wasalimie watoto, uwaambie baba yao alifuata alichoandikiwa, neno kwa neno.

Mdogo wako,
Umuhire