Mama, Mashine ya Ihanja Ilisimama

Mpendwa mama,

Shikamoo. Najua huko ulikolala sitasikia marahaba yako, lakini ulinilea hivyo, nami siwezi kuanza kuzungumza nawe bila kukuamkia.

Alizeti zimevunwa. Kuanzia mjini hadi Ikungi barabara ina magunia, na hewa inanukia mashudu ya mbegu zilizokamuliwa. Wenzangu wanaipenda harufu hiyo. Mimi hunirudisha kwenye siku uliyoletwa nyumbani kutoka hospitali, mkono wa kushoto umeishia kwenye kiwiko, na sisi watoto tumesimama mlangoni tukiogopa kukukumbatia. Ukasema, "Njooni basi, huu uliobaki unawatosha wote."

Ulikuwa kibarua kwenye kiwanda cha kukamua mafuta, kazi yako kufagia mbegu zilizomwagika chini ya mashine. Kifuniko cha mkanda unaozungusha mashine kilikuwa kimefunguliwa kwa ajili ya matengenezo, na hakuna aliyejali kukirudisha. Mkanda ukadaka ncha ya kanga yako, kanga ikavuta mkono. Majirani walipokuja kukupa pole walisema ni mipango ya Mungu. Uliwasikiliza kwa heshima. Lakini jirani yetu Mama Yohana alipolirudia neno hilo, ulimjibu taratibu, "Mungu hakukifungua kile kifuniko."

Nilikuwa nimekaa miguuni pako. Sijawahi kuyasahau maneno yale.

Unakumbuka tulivyojifunza upya kusonga ugali? Mimi nachuchumaa, nimeibana sufuria kwa matambara, wewe unasonga kwa mkono wa kulia, jasho linakutiririka. Nilikuwa nikikutazama usoni nione kama unaumia. "Usiniangalie mimi," ulinikaripia, "angalia sufuria!" Siku moja ikatuponyoka, ugali wote ukaenda chini. Tulicheka mpaka baba akaja mbio akidhani kuna anayelia.

Hukuwahi kuniambia niwe mhandisi. Nilikuja kukueleza kwamba nimechaguliwa kusomea mitambo. "Mashine kama zile?" ukauliza. Nikasema ndiyo. "Basi ukazisome vizuri."

Siku ya mahafali nilijua ungejifunika kitenge begani, kama ulivyofanya kanisani na kwenye picha zote. Mpiga picha alipokuwa tayari, ukakivua, ukampa baba akishike. "Leo waone," ulisema. Picha ile iko ukutani kwangu. Wageni wote huuliza, nami nilikuwa nikiwajibu kwa kifupi tu kwamba ulipata ajali, kisha nageuza mazungumzo.

Sasa sikia yaliyotokea Ihanja.

Nafanya kazi na mhandisi mwenzangu, Rehema, binti wa Manyoni ambaye baba yake alikuwa mtu wa reli. Tunazunguka viwanda vidogo kutengeneza kinga za mashine. Kule Ihanja tulikuta mkanda uko wazi, unazunguka kwa kasi, na akina mama wenye kanga viunoni wanafagia pembeni yake. Nikamwambia tajiri mwenye kiwanda azime mashine tufunge kinga na kamba ya dharura, ile ambayo mtu akiivuta mashine inasimama papo hapo.

"Dada mhandisi, msimu ndio huu," alinijibu. "Rudini mvua zikianza."

Nilikuwa nimejiandaa kubishana naye. Sikujiandaa kubishana na akina mama. Mmoja wao, Neema, mwenye mtoto mgongoni, alinijia na ufagio mkononi. "Mashine ikizimwa, sisi vibarua hatulipwi. Wewe jioni utakula. Wanangu nitawapa nini?"

Mama, alisema kweli. Rehema akanivuta kando, akaniambia, "Hapa hesabu za chuoni hazitasaidia. Waambie kilichokuleta kwenye kazi hii." Sikuwa nimewahi kuwaambia watu wa kazini habari zako. Nikarudi, nikasimama mbele yao, nikawasimulia: kifuniko, kanga, mlango wa nyumbani, hata ugali ulioanguka. Nilipomaliza, Neema alikuwa amemshusha mtoto mgongoni na kumpakata kifuani.

Ni wao waliomwendea tajiri, si mimi. Walimwambia hawarudi chini ya mashine mpaka ifungwe kinga, na kwamba siku hiyo ya kusimama iwe siku ya kazi yenye malipo, kwa kuwa watasafisha stoo. Aligomba, akatoka nje, akarudi. Mwishowe akatoa kauli: "Haya, fungeni. Lakini kesho nataka mafuta." Tulikata mabati, tukachomelea na kufunga ile kamba mpaka jua likazama.

Wiki iliyopita Rehema alinipigia simu. Kanga ya Neema ilikuwa imenaswa na mashine upande wa nyuma, kwenye mhimili unaozunguka ambao kinga yetu haikuufikia. Nikaanza kuuliza hali yake. "Nisikilize kwanza," Rehema akasema. "Mwenzake alivuta kamba. Mashine ilisimama. Neema ni mzima."

Tulienda pamoja kuongeza kinga ya upande huo, na safari hii tajiri mwenyewe ndiye aliyezima mashine kabla hatujasema lolote. Neema alinipokea kwa hasira. "Kanga yangu mpya, mhandisi! Imechanika vipande viwili!" Wenzake wakaangua kicheko, nami nikacheka nao, halafu nikaenda nyuma ya magunia nikalia kama mtoto. Naona fahari, mama, na nina uchungu pia, kwa sababu kamba ya namna hii haikuwapo siku yako.

Neema alinifuata huko nyuma. Hakunibembeleza. Alisimama karibu yangu tu, kisha akauliza, "Ulitusimulia yote, lakini hukututajia jina lake. Mama yako aliitwa nani?"

Mashine ilikuwa imewashwa tena, ikabidi nipaze sauti.

"Penina!" nikamwambia. "Anaitwa Penina!"

Pumzika, mama. Sisi huku tupo kazini.

Ni mimi, kitinda mimba wako.