Kipima Unyevu

Bwera, Jumapili

Kaka Bwambale,

Barua hii anakuletea Jeanine, anayerudi kazini huko Doha. Usimwache aondoke kabla hujamaliza kuisoma.

Huku mvua haikatiki. Umenigombeza wiki nzima kwamba simu yako inaonyesha bustani imekauka. Haijakauka, kaka. Mtambo wa umwagiliaji uliotuwekea umemwaga maji usiku na mchana hadi kabichi zimeoza na matuta yamekuwa tope. Nikamwita fundi Jonan kutoka Bugoye. Alikuta kile kipima unyevu kimechomekwa chini ya paa la jiko, penye vumbi kavu, ndiyo maana mtambo ulidhani bustani nzima ina kiu.

"Nani alikitoa pale kwenye mparachichi?" akauliza. Mama akaingia ndani.

Walikitoa vijana waliokuja kuchimba, wakakichomeka popote. Jonan alitaka kukirudisha palepale ulipokiweka, nikamkataza. Pale amelala Baba. Moyo wake ulisimama akiwa anapalilia vitunguu vyako. Mama hakutaka uambiwe kwa simu, ukiwa peke yako.

Kipima unyevu tumekiweka kwenye nyanya, na mtambo sasa unafanya kazi vizuri.

Lakini siku ile ya kwanza uliyopiga, ulisikia kelele za watu, ukanifokea kwamba nimeiacha bustani yako ife, nikaenda kuzurura sokoni Mpondwe. Sikuwa sokoni, kaka. Nilikuwa bustanini, tunamzika.

Mdogo wako,
Kabugho