Baba Nestori, Mjukuu Wako Ameshika Bunduki

Baba Nestori,

Sikuulizi hali, kwa sababu huko uliko hali ni moja kila siku. Sisi wazima. Goti langu la kushoto linauma mvua ikikaribia, mbuzi yule mwenye pembe moja amezaa, na bati la upande wa jikoni nimelibadilisha, lile ulilosema kila mwaka kwamba utalibadilisha wewe. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho nilichofundishwa kuandika kambini Tanzania, darasa la watu wazima, wakati wewe ulikataa kuingia ukasema kalamu ni nyepesi mno kwa mkono wako. Basi barua hii utasomewa. Huyo atakayekusomea asiongeze maneno yake.

Sikuandikii kukulilia. Nilishalia, watu wa Buhinyuza waliona, imekwisha. Nakuandikia kwa sababu mjukuu wako Aline ameshika bunduki, na jambo hilo ulilianzisha wewe ukaniachia mimi nilimalize.

Tangu tukuzike, shamba la bondeni halijalimwa. Nyati wanatoka porini, upande wa mto Ruvubu, kama walivyokuwa wakitoka ulipokuwa hai. Wanakula maharage ya majirani, wanalala kwenye mtama wao, asubuhi unakuta kama gari limepita. Mimi nalima huku juu kwenye mawe, na mihogo inatoka myembamba kama vidole. Wanawake wa kilima chetu hawashuki tena kisimani jua likianza kuinama.

Nikuambie sasa, maana siku ile hukunipa nafasi. Mtu aliyewabebea wawindaji bunduki miaka yote ile huko Tanzania, aliyejua nyati anavyogeuka kabla nyati mwenyewe hajajua, anashukaje bondeni kumfukuza kwa debe na mkuki wa kuazima? Ulikutwa umesimama. Wewe, uliyekuwa ukimwambia mtoto kwamba kusimama ndiyo namna mbaya kuliko zote. Haya, nimesema. Sirudii.

Halafu komini, serikali yetu ya hapa, ikatangaza kwamba itachukua vijana wachache wafundishwe bunduki ya kuwindia, warudi walinde mashamba yanayopakana na pori. Mafunzo Gitega. Aline akaenda kuandikisha jina bila kuniambia. Nilisikia kwa mke wa jirani, mbele ya watu, nikajifanya najua. Nyumbani nikamuuliza kama amekosa kazi ya kufanya. Akasema babu alishamfundisha, kilichobaki ni risasi tu. Nikasema hapana. Akanyamaza. Unaijua ile namna yake ya kunyamaza, ni yako.

Jumapili moja nyati wakashuka tena. Nikamkuta Aline ameshachukua debe. Debe, Baba Nestori. Anatoka nalo mlangoni kama ulivyotoka wewe. Nilimnyang'anya, na asubuhi yake nikafunga mzigo. Kama ni lazima mtu wa nyumba hii aende kule bondeni, basi aende na kitu kinachofika mbali kabla yake.

Tulipanda gari Muyinga mjini, tukafika Gitega mchana, tukafikia kwa Nestori kule Musinzira. Mwanao hakufurahi. Alikuwa ameshika kiatu cha mtu, anakishona, hakuinua hata macho. Alisema binti yake akishika bunduki hakuna atakayekuja kumposa. Nikamwambia baba yake yeye alishika bunduki za watu na mimi nilimkubali, tena sikuwa mbaya. Akasema, "Mama, mpeleke wewe basi, mi sina sura ya kusimama pale." Kwa hiyo nikampeleka mimi. Msichana peke yake katikati ya wavulana, nani angekwenda naye?

Uwanja wa shabaha uko nje ya mji, mahali kilima kimekatwa kikabaki ukuta wa udongo mwekundu. Pembeni mikaratusi. Kule kwenye udongo wamesimamisha nyati wa ubao, na aliyemchora hajawahi kumwona nyati, amempa pembe za ng'ombe wa harusi. Ungecheka. Mwalimu ni mwanajeshi mstaafu, wanamwita Ajida, mtu mfupi mwenye masikio mazuri. Siku ya kwanza hakuwapa risasi. Aliwafundisha mdomo wa bunduki uangalie wapi, kidole kikae wapi, na kwamba bunduki tupu haipo duniani. Nikampenda kidogo.

Kisha akaanza zile namna nne za kukaa na bunduki. Zilezile zako. Nilikaa kwenye kigoda changu chini ya mwavuli, na nikakuona wewe nyuma ya nyumba ya kambini, Aline bado mdogo, umemshikisha mchi wangu badala ya bunduki, sombe yangu, majani ya mihogo, inangoja kwenye kinu. Lala. Piga goti. Keti. Simama. Mimi naudai mchi wangu, ninyi wawili mnacheka. Ulimwonyesha kwamba ukipiga goti, kiwiko hakikai juu ya mfupa wa goti, kinapita mbele kidogo, nyama ikae juu ya nyama, kwa maana mfupa juu ya mfupa unateleza. Ajida alisema hivyohivyo. Na Aline alikuwa ameshaweka kiwiko mahali pake kabla hajamaliza kusema.

Akilala, anapiga. Akipiga goti, anapiga. Akisimama na miti miwili ya kuegemezea bunduki, iliyofungwa juu kwa kamba, anatikisika kidogo lakini anapiga. Wavulana wakaanza kumtazama vizuri. Ikaja kuketi.

Hapo sasa. Wewe unajua nilivyomlea. Msichana hakai ameachanisha magoti. Anakaa miguu imelala upande mmoja, kitenge kimefunika, hata akiwa peke yake na kuku. Mtoto wa watu wakimbizi hana ng'ombe, hana kilima, hana baba anayejulikana kwa watu. Ana namna anavyokaa. Tulipita kambi mbili na hakuna aliyewahi kumsema mjukuu wangu. Kwa hiyo pale uwanjani walipovaa suruali wote, mimi nilimfunga kitenge juu ya suruali. Ajida alikitazama, akanitazama, akaendelea na somo.

Aliposema keti, Aline akaketi kama nilivyomfundisha. Miguu upande. Kitenge kimekaa vizuri. Akapiga. Bunduki ile inarusha teke, unajua mwenyewe. Ikamwangusha ubavu kama gunia lililokosa kamba, na risasi ikaingia kwenye udongo juu kabisa. Kijana mmoja akasema Mtanzania amelala usingizi. Wakacheka. Wanatuita hivyo bado, miaka yote hii tumerudi.

Ajida hakucheka. Alimwambia, "We, iko unakaa kama uko kwa misa. Fungua magoti, viwiko viingie ndani, visigino vishike udongo." Aline hakumtazama Ajida. Alinitazama mimi. Akaketi tena, vilevile, miguu upande. Akaanguka tena.

Ikawa hivyo mpaka jua likapanda. Nikaelewa. Mtoto hajashindwa. Mtoto ana adabu, na adabu yake iko imekaa pale chini ya mwavuli inamtazama.

Niligeuza kigoda. Nikakaa nimewapa mgongo, natazama barabara na wanawake waliobeba ndizi. Nikasikia kitenge kinavyopandishwa. Nikasikia bunduki, kisha ubao ukalia. Ajida akasema vizuri. Sikugeuka.

Ndivyo tulivyoendelea siku zilizofuata. Akisema keti, mimi nageuka kama mlango. Akisema simama, narudi. Uwanja mzima ulijua. Wale vijana wakaanza kunitania kwa heshima, wakisema bibi ana namna ya tano. Niliwaacha. Wao wana bibi zao vijijini, na najua hakuna hata mmoja wao anayeweza kukohoa mbele ya bibi yake.

Ikaja siku ya mtihani. Ajida alikuja kwenye mwavuli wangu kabla hawajaanza. Alisema kule kwetu Buhinyuza ni miteremko tu. Ukilala kwenye mteremko unaona mashina ya mtama, hakuna kingine. Ukisimama, mkono unatetemeka na nyati anakuona. Mtu wa kwetu atafanya kazi ameketi, kilima kikiwa mgongoni na bonde mbele. Akasema yule asiyeweza kuketi atampeleka kulinda ghala mjini Muyinga, na si Buhinyuza. Kisha akasema taratibu, "Mama, iko anapiga vizuri sana ukigeuka. Lakini mi siwezi kuandika hivyo kwa komini."

Nikamjibu kwamba hakuna aliyemwomba aandike.

Wakaanza. Alilala, akapiga. Goti, akapiga. Wakafika kwenye kuketi, na mimi nikashika kigoda nikigeuze kama kawaida. Aline alikuwa bado amesimama, bunduki imetazama chini, kidole nje kama walivyofundishwa. Akaniita. Hakuniita kwa sauti kubwa, lakini wote walisikia.

"Bibi, usigeuke. Nyati hatangoja ugeuke. Babu hakungojwa."

Sijawahi kusemeshwa hivyo na mtoto niliyemlea. Kwingine kote ningemjibu, na unajua ningemjibu nini. Nilimtazama. Nilimwona kwenye shamba la bondeni, mimi nikipalilia upande mmoja, yeye ameketi upande wa pili, nyati anatoka kwenye matete, na yeye kwanza anatazama bibi yake yuko wapi. Hiyo ndiyo picha niliyoiona. Haikuwa ndefu. Nyati naye hachukui muda mrefu, ulishajifunza.

Nikainuka. Goti likalia, nikatembea nalo mpaka pale alipo. Ajida akawaambia wengine washushe bunduki, nao wakashusha. Nikamfungua kitenge mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, mbele ya wavulana wa Burundi nzima kama ilivyoonekana kwangu. Nikakikunja. Nikamwambia, "Keti kama babu yako."

Akaketi. Magoti huku na huku, viwiko ndani, visigino vimezama kwenye udongo. Ni wewe kabisa, hata shingo. Mimi nilisimama nyuma ya mstari, ubavuni kwake, pale Ajida alipopaonyesha, na sikuondoa macho. Alitoa pumzi nusu, akangoja, akapiga. Teke likaingia begani likashukia kwenye mwili wote, hakuyumba. Akapiga tena, na tena. Ajida akaenda kwenye ubao, akaweka kidole. Nyuma ya mguu wa mbele, chini kidogo, mahali ulipokuwa ukimwonyesha kwenye mbuzi wangu.

Hakuna aliyesema Mtanzania. Mmoja akaniuliza kama natafuta mkwe. Nikamwambia aanze kwa kujifunza kupiga akiwa amesimama, nimemwona anavyotikisika.

Aline hakusema asante, wala sikumwomba. Tulitembea mpaka Musinzira, mimi mbele, yeye nyuma na mwavuli. Nestori alikuwa mlangoni. Alimwona binti yake anaingia na suruali tupu, akafungua kinywa, akaniona mimi, akakifunga. Siku iliyofuata nilimsikia akimwambia mteja kwamba binti yake ndiye aliyewashinda wote. Uongo, alikuwa wa pili. Nikamwacha.

Sasa tumerudi nyumbani. Amepewa koti la kijani lililo kubwa kwake na bunduki inayolala komini, anaichukua na kuirudisha kwa sahihi yake. Ameshashuka bondeni. Nyati walikuja mara moja wakiwa watatu. Akapiga hewani, wakaondoka. Nilimuuliza kwa nini hakuua. Akasema babu alimfundisha kwamba ukimpiga nyati uwe umeshaamua kumfuata. Nikamuuliza babu huyo aliyesema hivyo alikuwa nani, maana babu mwenye hadhari hivyo mimi sikuwahi kumwona. Kisha akaendelea kula.

Nasikia watu wakisema nimelegea. Sijalegea. Nyumbani bado anakaa miguu upande mmoja, na jana nilimkemea kwa kuacha sufuria bila kuosha. Kazini ni kwingine. Mtu anaweza kuwa na namna mbili za kukaa, na zote nimemruhusu mimi.

Nimechoka kuandika, mkono umekufa ganzi. Lala ulipo, Baba Nestori. Usinijie ndotoni na maneno mengi, sina nafasi. Nakuahidi hili moja: impeshi, kiangazi chetu, ikifika nashuka bondeni na jembe. Naanzia pale tulipokuokota, kwa sababu udongo ni mzuri na sitauacha kwa ajili ya nyati. Nitapanda maharage. Aline atakuwa juu kidogo, ameketi kwenye mteremko. Nami nitainama nilime, bila kuinua kichwa kuangalia kama kuna kinachokuja.

Mkeo,
Mama Nestori