Aliyefungua Lango la Lakani

Mtaa wa Vlanga,
Konstantinopoli.
Ijumaa, wiki ya pili ya Kwaresima, mwaka 6612 tangu kuumbwa ulimwengu.

Mpendwa Baba mdogo Sisinios,

Shikamoo. Hujambo huko Trebizondi? Goti linaendeleaje na baridi hiyo? Sisi wazima. Mama alikohoa sana lakini sasa anakula. Dada yangu Anthusa yupo, anafuma tu, haongei. Ni mfungo, kila siku maharage na zeituni mpaka tumesahau ladha ya jibini.

Nina habari kubwa, kaa chini kwanza. Nimemmaliza Nikasios Drimis.

Unamjua, yule msomi anayeandika historia ya wafalme, ndiye aliyeandika kwamba baba yangu, kaka yako wa tumbo moja, aliwafungulia Waturuki ngome ya Lakani. "Pankratios alifungua lango kama mlevi anavyofungua mlango wa kilabu." Aliisoma hiyo kwenye baraza la wasomi, wakacheka, ikashuka mpaka sokoni. Mchumba wa Anthusa akarudisha pete. Wauza samaki wananiita Mwana wa Kilabu. Baba kafa na upanga mkononi, anachekwa na watu wanaotafuna lozi!

Nikasema huyu nitampiga kwa kitu chake mwenyewe. Mwalimu sina, unajua, nimejisomea kwa vitabu vya kuazima, nasoma huku natembea hadi nagonga watu. Nikasoma hotuba, nikasoma falsafa, nikasoma hasa yale yaliyolaaniwa na Kanisa. Halafu nikaomba nafasi barazani, kwa yule mjane tajiri anayewakaribisha, nikasema nataka kumsifu Bwana Drimis. Alifurahi kama mtoto.

Desturi yao ni kwamba anayesifiwa hakatizi. Anainamisha kichwa kwa kila sifa, basi. Nikasifu ndevu zake, akainama. Nikasifu historia yake, akainama. Kisha nikasema, nani mwingine katika mji huu ana ujasiri wa kufundisha kwamba ulimwengu hauna mwanzo?

Akainama.

Shemasi wa Patriaki alikuwa palepale. Akaweka kikombe chini, akamuuliza kwa upole: "Bwana Drimis, kumbe Mungu hakuuumba?" Angesema tu kijana kateleza, yangeisha. Lakini mtu yule hawezi kuliacha swali lipite. Akasimama, akaanza, "Ukiwasoma wapagani wa kale kwa makini..." Akaeleza, akaeleza, kila neno linamzamisha. Nyuma mtu akamwambia, "Kaa chini, mwalimu, utatufukuzisha wote." Hakukaa.

Jumapili ya kwanza ya mfungo wakamsimamisha kanisa kuu. Mafundisho yake yakasomwa moja moja, na watu wote wanajibu: yalaaniwe! Mimi nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Nilikuwa mbele, ili anione. Sasa kafungiwa katika monasteri moja, haruhusiwi kufundisha mtu.

Lakini historia yake inaendelea kunakiliwa, Baba mdogo. Laana imegusa falsafa tu. Lango la baba limebaki vilevile!

Basi juzi nikamfuata huko monasterini nimlazimishe akifute kile kipande. Nilidhani atanitemea mate. Akanitazama, akasema: "Kijana, hotuba yako ilikuwa nzuri. Ila umempiga mtu siye. Mimi niliandika nilichoambiwa na mdogo wa baba yako."

Nikamwambia ni mwongo. Akasema ulikula mezani kwake ulipotoka Lakani, ukalia, ukaapa mbele ya picha ya Bikira kwamba ni Pankratios. Nikamuuliza, "Na wewe ukaamini hivihivi?" Akajibu hivi, nakunukulia kama alivyosema: "Nilimuuliza, kama lango lilifunguliwa na kaka yako, mbona yeye kafa ndani na wewe umetoka? Akajaza kikombe chake upya. Nami nikaacha kuuliza, kwa sababu sentensi ilishanijia, na ilikuwa nzuri."

Nimerudi nyumbani kwa miguu, sikuona hata njia. Nimekumbuka jinsi ulivyokuwa unatuletea asali, unanibeba mabegani, unamwita baba shujaa mbele yetu.

Mama sijamwambia. Nataka umwambie wewe. Panda meli ya kwanza itakayotoka huko, ufike kabla ya Pasaka, ukae mbele yake na Anthusa, useme nani alifungua. Halafu tutakwenda wote barazani, utasema tena.

Usipokuja nitasema mimi. Naandika historia yangu sasa, nimefika siku ile ya Lakani, na mahali pa jina nimepaacha wazi. Umeshaona niliyomfanyia Drimis, na yeye hakuwa ndugu yangu.

Nisalimie Mama mdogo Evfrosini na watoto wote. Mwambie Leandros kamba yake ya kuchezea bado ninayo. Wao sina ugomvi nao, ila jina ni lao pia.

Mungu akupe umri mrefu na masikio mazima, uwepo siku historia yangu itakaposomwa.

Mimi mwana wa kaka yako, nisiyekusahau,
Zotikos wa Pankratios